Rolex ya Omena, na Pesa Ambazo Hazikuwahi Kuingia

Ukishuka Migori mjini jioni, kabla watu wa boda hawajakuzunguka, harufu ya kitunguu itakuwa imekufikia. Mkokoteni wenyewe huegeshwa kando ya barabara kuu iendayo Isebania. Una magurudumu mawili ya gari kuukuu, kabati la vioo, jiko la makaa, kikaango kimoja bapa na mwavuli uliopauka. Asubuhi husukumwa hadi karibu na stendi, jioni hurudi hapa. Ni hoteli inayotembea.

Chakula chake kimekuja kutoka pande nyingi. Chapati asili yake ni India. Waganda wakaifunga na mayai, wanafunzi wa Makerere wakaipenda pale Wandegeya, na jina rolex halihusiani na saa ya mkononi: ni mayai ya kuviringishwa, yakitajwa kwa Kiingereza cha haraka haraka. Chipsi mayai ni za Watanzania, na Sirari iko pale tu ng'ambo ya mpaka. Omena ni ya ziwa letu. Mama mwenye mkokoteni huikaanga hadi ikauke kabisa, akaichanganya na mayai, nyanya na dhania, kisha akaviringisha. Nilidhani ni mzaha. Nikaagiza ya pili.

Kijana mbele yangu alinyanyua simu: "Mathe, nimetuma."

Mama hakuitazama ile simu. Alifuta mikono kwa leso, akachukua yake, akafungua jumbe, akasoma. Foleni ikanung'unika. Ndipo akasema, "Ber. Chukua yako, nyathina."

Nilimuuliza mbona asitazame tu ujumbe wa mteja, si ingekuwa haraka? Akacheka kidogo. Kuna siku, giza limeingia na watu wamejaa, jamaa mmoja alichukua rolex tatu akamwonyesha ujumbe wenye jina lake na kiasi sahihi. Hata kwenye simu ya mama kulikuwa na ujumbe umeingia. Akampa chakula. Alipofunga hesabu usiku, salio lilikuwa lile lile la saa kumi na moja. Ujumbe ulikuwa umetoka kwa namba ya kawaida ya simu, umeandikwa tu ufanane na ule wa kweli.

Rolex tatu, utasema, si kitu. Hebu tupige hesabu yake. Anauza moja mia. Ukitoa unga, mayai mawili, mafuta, omena na makaa, anabaki na kama ishirini na tano. Zile tatu zilimla mtaji wa shilingi 225. Ili kuurudisha ilibidi auze rolex tisa nyingine bila kupata faida yoyote. Jioni mbovu ya mvua hauzi tisa.

Ujumbe halisi wa M-Pesa huingia kwa jina MPESA, katika mfululizo ule ule wa jumbe zako za zamani, na una salio lako jipya. Ukija kutoka kwa namba ya mtu, ni uongo, hata ukiwa na jina lako kamili. Ukiwa na shaka, angalia salio. Mteja mwaminifu atasubiri hizo sekunde chache. Anayekuharakisha sana, mimi namtilia shaka.

Na kwa kuwa mpaka uko karibu, jambo dogo: madereva wa kutoka ng'ambo husema "shilingi elfu" wakiwa na maana ya shilingi ya Tanzania, ambayo thamani yake ni ndogo sana kuliko yetu. Mama siku hizi huuliza, "Elfu ya wapi?" kabla hajavunja yai.

Siku ya pili nilipanda matatu hadi Rongo, nikabadilisha ya Homa Bay. Kule ufukweni mambo ni samaki. Dada mmoja hukaanga ngege, na wasio na pesa nyingi huwauzia mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta iliyobaki baada ya mnofu kutolewa. Inakaangwa ikawa kavu hadi inalia mdomoni. Kwa ugali na sukuma, wacha tu.

Yeye hakudanganywa na ujumbe. Pesa ziliingia kweli. Mteja akala, akanawa, akaondoka, kisha akaomba muamala urudishwe eti ametuma kimakosa. Kwa kuwa dada alikuwa anapokea kwa namba yake ya kawaida, pesa zilizuiliwa, na kurudi kwa wiki nzima ikawa ni kupiga simu na kueleza.

Hapa nitawatetea wateja kidogo. Kuna anayekosea namba kweli, na haki ya kurudishiwa ni yake: asambaze ujumbe mzima wa muamala kwa 456 mara moja, kabla pesa hazijatumiwa. Bora zaidi, asome jina linalojitokeza kabla ya kuthibitisha. Lakini samaki akishaliwa, hilo si kosa la namba.

Dada alihamia Pochi la Biashara. Alijisajili kwa *334#, laini ile ile. Pesa za samaki sasa zinakaa kando na zake za nyumbani, na mteja akiomba zirudishwe, hazirudi mpaka muuzaji akubali. Ile ya kukaa kando ndiyo aliyoisifia zaidi. Zamani karo ya mtoto na pesa ya kununua samaki alfajiri zilikuwa kwenye mfuko mmoja, na karo ndiyo ilikuwa inashinda. Anaenda ufukweni mikono mitupu, anaomba mkopo wa samaki.

Nilimlipa nikiwa bado nanawa. Mtoto wake wa darasa la saba, aliyekaa kwenye debe na simu mkononi, alisoma kwa sauti jina langu lote na kiasi nilichotuma. Kisha akasema, "Imeingia, Mama," na sahani ikasogezwa upande wangu.