Moyo Ukisimama Kazini, Nani Yuko Tayari?

Kahawa ikiiva hapa Kalinzi, mtambo wa kumenyea haupumziki. Watu hubeba magunia mazito tangu asubuhi. Sasa tujiulize: mtu mzima akianguka ghafla pale, haitikii, hapumui, nani atajua la kufanya? Gari la kumfikisha Maweni, mjini Kigoma, litatafutwa, lakini moyo uliosimama hausubiri gari. Ubongo ukikosa hewa dakika chache tu, huanza kuharibika.

Huko Marekani walilitungia sheria jambo hili. Jimbo la Florida lilianza mwaka 1997, na majimbo mengine yakafuata. Baadhi huagiza mashine ya kushtua moyo iwekwe mashuleni au kwenye kumbi za mazoezi. Nyingi humkinga asishtakiwe mtu aliyeitumia kwa nia njema. Mashine ya kwanza ya kubebeka ilibuniwa na Dk. Frank Pantridge wa Belfast mwaka 1965. Za siku hizi ni ndogo kama mkoba, na humwelekeza mtumiaji kwa sauti. Hupima moyo kwanza, na umeme hutolewa tu ikiwa moyo unatetemeka ovyo bila kusukuma damu.

Na sisi je? Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, iliyofuta ile ya viwanda ya wakati wa mkoloni. Hii ya sasa haiishii viwandani, bali inahusu na mahali pengine pa kazi. Inamtaka mwajiri aweke sanduku la huduma ya kwanza mahali panapofikika kwa urahisi, pamoja na vifaa vya kuzimia moto na njia salama za kutokea. Anayesimamia ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, yaani OSHA. Sanduku lililofungiwa kabatini, na karani amekwenda sokoni na ufunguo, tusiliite sanduku.

Mashine ya kushtua moyo ni ya bei kubwa, na kijijini si rahisi kuipata. Lakini kinachomweka mgonjwa hai mpaka msaada ufike ni mikono, na mikono tunayo. Mwite kwa sauti, mtikise bega. Kama haitikii na hapumui kawaida, mmoja akimbilie gari na simu, mwingine aanze mara moja. Mgonjwa alale chali mahali pagumu. Weka kitako cha kiganja katikati ya kifua, kiganja cha pili juu yake, nyosha viwiko, kandamiza kifua kishuke sentimita 5 hivi, kisha kiachie kirudi juu. Fanya hivyo mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kazi hii inachosha haraka, basi mpokezane kila baada ya dakika 2. Na mwangalie: mtu aliyesimama moyo huweza kukoroma au kutweta kwa vipindi. Wengi hudhani anapumua, wakamwacha. Hiyo si pumzi.

Kwa ndugu zetu wa mwaloni, wanaovua dagaa na migebuka, kuna tofauti moja. Aliyezama majini amekosa hewa, kwa hiyo aanze kupewa pumzi mdomo kwa mdomo mara 5, kisha kifua mara 30 na pumzi 2, hivyo hivyo bila kukoma. Msipoteze muda kumning'iniza kichwa chini ili maji yatoke.

Akina mama wanaochemsha mawese, aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi dakika 20. Asipakwe mafuta wala dawa ya meno.

Ipo pia Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, ambayo mfuko wake huchangiwa na waajiri. Ni haki, na familia izifahamu taratibu zake. Hata hivyo fidia huja baada ya msiba au ulemavu. Kabla ya msimu, katika mkutano wa chama cha ushirika, ulizeni mambo matatu: sanduku liko wapi, nani amefundishwa kukandamiza kifua, na gari la nani litaitwa usiku. Namba ya dereva huyo iandikwe kwa chokaa ukutani, karibu na mtambo, kwa herufi kubwa.