Briji: usiwaachie kere 2 kwa bei rahisi

Wandugu, wengi wetu wenye wanaanza briji wanajua kuhesabu pointi tu. Mtu akiona pointi 8 mkononi, anasema pasi, basi. Mimi naona kwenye mnada mdogo pointi zako peke yake hazikuambii mengi.

Tuchukue mfano. Mpinzani anafungua kere 1 (ule moyo mwekundu), mwenzake anapandisha kere 2, kisha pasi, pasi, zamu inakufikia. Uko na pointi 8 na pike 5 nzuri. Sikiliza kwanza bale wawili: wamesimama chini, hawana nguvu ya kwenda mbali. Pointi zote ni 40, wao wako na karibu 20. Zenye zimebaki ziko wapi? Kwa mwenzako! Alinyamaza juu hakukuwa na karata ndefu ya kutangaza, si juu ya umaskini.

Hapa njo hesabu ya Mfaransa Jean-René Vernes, mwaka 1969, inasaidia. Jumla ya mizunguko yenye pande mbili zinaweza kushinda, kila upande ukicheza na atu (turufu) yake, inakaribia jumla ya atu zao. Wako na kere 8, nyinyi pike 8: mizunguko 16. Kama wao wanashinda 8, nanyi mnashinda 8. Pike 2 inawapa 110 badala ya kuwapa wao 110. Wakiweza 9, nyinyi mnapata 7, mnalipa 50, lakini wangechukua 140. Ni makadirio, inaweza kukosea kwa mzunguko mmoja, lakini kwa mfano huu kusema pike 2 ni faida kila upande.

Sasa wakisema kere 3? Hapo nasimama. Pike 3 inadai mizunguko 9, na kwa atu 8 wao wangebaki na 7: kere 3 ingewaangukia wenyewe. Kuwasukuma hadi hapo ndiyo kazi tulikuwa tunatafuta. Mimi napanda ngazi ya 3 nikijua tuko na atu 9.

Tena angalia kama mko hatarini. Hapo faini ya mzunguko wa kwanza inakuwa mara mbili, na wakipiga kontre mnatoa 200, wakati kere 2 yao ilikuwa 110 tu. Pike zangu zikiwa mbovu siku hiyo, napita bila aibu.