Farasi Mdogo Mwenye Mbio

Katika nchi ya Uingereza watoto wengi hupenda mchezo wa kurukisha farasi. Uwanjani huwekwa viunzi vya miti, na kila mpandaji hana budi kuviruka vyote kwa taratibu iliyowekwa. Mti mmoja ukianguka, huandikiwa alama 4 za makosa. Ikiwa wengi hawakuangusha kitu, mara nyingi huruka tena, na hapo mshindi ni yule mwenye makosa machache zaidi, na makosa yakilingana, ni aliyetumia muda mfupi kupita wenzake. Watoto hupanda farasi wa mbegu fupi, ambao kimo chao, kikipimwa mabegani, hakizidi sentimeta 148.

Kwa hiyo mtu aweza kudhani kuwa farasi mwenye mbio ni bahati kubwa. Lakini tuseme msichana wa miaka 12 amepewa farasi wa namna hiyo. Mara aonapo kiunzi, farasi huinua kichwa, hutoka shoti, hukirukia kwa pupa, na kuiangusha miti kwa miguu yake. Msichana huogopa, naye kwa hofu huvuta hatamu kwa nguvu zake zote. Je, farasi hupunguza mwendo? La! Farasi huyo aweza kuwa na uzito wa kilo 300, na mtoto hapati hata kilo 50. Tena lijamu, yaani kile chuma cha kinywani, likimwumiza, farasi hukaza shingo na kuzidi kukimbia. Kwa maana tangu asili kinga ya farasi ni miguu yake. Aumiapo au aogopapo, hukimbia. Basi kumvuta bila kumwachia ni sawa na kumfukuza.

Wako wanaosema, “Mtieni lijamu kali zaidi.” Mwalimu mwenye busara hafanyi haraka hivyo, bali kwanza hutafuta sababu. Hutazama meno ya farasi, hupapasa mgongo wake, huangalia kama tandiko lambana. Tena huuliza kama farasi apewa nafaka nyingi na kazi chache. Mambo hayo yakiisha kutengenezwa, ndipo mafunzo huanza.

Kwanza, mtoto humzungusha farasi katika duara kubwa, maana farasi hawezi kukimbia sana huku akipinda. Pili, humpitisha polepole juu ya miti iliyolazwa chini, mpaka asishtuke aionapo. Tatu, huruka kiunzi kifupi kwa mwendo wa matiti, ambao ni wa kasi kuliko kutembea lakini si shoti. Mti mmoja hulazwa chini, kadiri ya meta 2 na nusu mbele ya kiunzi, ili farasi atazame chini na kupima hatua zake. Nne, mara nyingine mtoto humwelekeza kwenye kiunzi, kisha humgeuza mapema bila kuruka. Hivyo farasi hujifunza kungojea amri.

Mtoto naye ana lake la kujifunza. Hana budi kuketi wima, kuvuta pumzi taratibu, na kubana hatamu kidogo kisha kuachia, kubana na kuachia. Wakati wa kuruka, mikono yake haina budi kufuata kichwa cha farasi. Afisa mmoja wa jeshi la Italia, Federico Caprilli, aliyefariki mwaka 1907, ndiye aliyeeneza njia hii. Kabla yake wapandaji wengi waliegemea nyuma na kuvuta hatamu hewani, wakawaumiza farasi wao.

Kazi hii huchukua majuma mengi, na mwalimu mwema humzuia mtoto asiende mashindanoni kabla ya wakati, hata akilia. Yafaa kulia leo kuliko kuvunjika mkono kesho.

Mwaka 1968, katika michezo ya Olimpiki huko Mexico, Marion Coakes wa Uingereza alimpanda Stroller, farasi wa mbegu fupi, akashindana na farasi wakubwa, akapata nishani ya fedha. Hakuna mikono iwezayo kumbeba farasi juu ya kiunzi. Huruka mwenyewe, akimwamini aliye mgongoni. Mwenda pole hajikwai, na atakaye kumtawala mwenye mbio na aanze kwa kuutawala moyo wake mwenyewe.