Kumfundisha Mtoto Kupima Habari

Mwalimu wa shule ya msingi kijijini huulizwa mengi nje ya darasa: dawa ipi inaponya, tangazo lipi liaminiwe. Hawezi kuyajua majibu yote, lakini aweza kujua na kufundisha namna ya kupima habari. Katika makala haya tutatumia mfano wa bonde letu la Kilombero.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Ifakara waliijaribu katika kijiji cha Idete chanjo ya malaria iitwayo SPf66, iliyobuniwa Kolombia. Watoto 586, wenye umri wa mwaka 1 hadi 5, waligawanywa kwa bahati mafungu mawili. Fungu moja tu ndilo lililopewa chanjo. Mwaka 1994 ilitangazwa kwamba chanjo ilipunguza ugonjwa kwa asilimia 31. Hata hivyo, watafiti wenyewe walieleza kwamba, kwa idadi ile ya watoto, nguvu yake ya kweli yaweza kuwa popote kati ya sifuri na asilimia 52. Majaribio yaliyofuata Gambia na Thailand hayakuona kinga, wala lile la baadaye kwa watoto wachanga wa Ifakara. Chanjo hiyo ikaachwa.

Kipimo hichohicho kilithibitisha jambo jingine. Kuanzia mwaka 1997 vyandarua vyenye dawa viliuzwa Kilombero na Ulanga. Watoto waliovitumia walipolinganishwa na wasiovitumia, nafasi ya kuishi ilionekana kuongezeka kwa asilimia 27. Mzazi asiyejua kupima angeweza kuzikataa habari zote mbili, au kuzikubali zote. Na gharama ingekuwa maisha ya mtoto.

Darasani tuanze na yaliyo karibu. Mwanafunzi akisema, "Maembe huleta homa," tusimcheke wala tusimkaripie. Tumwulize: Nani kasema, naye kajuaje? Je, wote waliokula waliugua? Wasiokula hawakuugua? Ni kitu gani kingine huja pamoja na msimu wa maembe? Watoto wenyewe watataja mvua, kisha madimbwi, kisha mbu. Mwalimu aandike majibu ubaoni, asitangulie kuyasema.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule zikuze akili ya kudadisi. Akili hiyo haikui kwa hotuba. Hukua mwalimu anapokubali kuulizwa naye pia: "Umejuaje?"