Mto Sio, Simu ya Mkononi na Sauti ya Jirani wa Ng'ambo

Msafiri atokaye Kisumu kwenda Kampala kwa njia ya Busia huvuka mpaka wa Kenya na Uganda bila kuona tofauti kubwa kati ya mji anaouacha na mji anaouingia. Jina ni lile lile, bidhaa sokoni ni zile zile, na Kisamia na Kiteso husikika pande zote mbili. Tangu Februari 2018, marais wa nchi hizo mbili walipozindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani, wasafiri na mizigo hukaguliwa mahali pamoja badala ya kusimamishwa mara mbili. Hata hivyo, liko jambo moja kubwa ambalo kila nchi huliamua kwa sheria zake yenyewe, nalo ni matumizi ya ardhi na maji, hata pale ambapo athari zake huwafikia watu wa pande zote mbili.

Siku hizi kumezuka njia mpya za kumfikisha mwananchi mbele ya meza ya maamuzi hayo, yaani simu ya mkononi na intaneti. Ni vema kupima njia hizo zinaweza kufanya nini, na haziwezi kufanya nini, kwa familia inayochota maji mtoni.

MTO HAUNA PASIPOTI

Mto Sio huteremka kutoka upande wa Bungoma, hupita katika Kaunti ya Busia, huwa mpaka wa nchi mbili katika sehemu ya safari yake, na mwisho humwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Kandokando yake, pamoja na kijito cha Siteko, lipo eneo la majimaji liitwalo Sio-Siteko, ambalo Kenya na Uganda hulimiliki kwa pamoja. Kaskazini yake, Mto Malaba hutoka Mlima Elgon, hupita mpakani, huingia Wilaya ya Tororo, na maji yake huelekea Ziwa Kyoga.

Katika majimaji hayo kina mama hukata mafunjo ya kusukia mikeka na kuezekea nyumba. Vijana huchimba udongo wa kufyatulia matofali, wavuvi hutega kambare na kamongo, na wakati wa kiangazi mifugo hupata majani huko baada ya nyika kukauka. Zaidi ya hayo, mafunjo ni chujio. Maji ya mvua yenye tope hupunguza kasi yakifika penye mafunjo, tope hutuama, na maji yaendayo ziwani huwa masafi zaidi. Mafunjo yakifyekwa na ardhi ikakaushwa kwa ajili ya kilimo, tope hushuka lote, na mvua kubwa ikija hakuna cha kuizuia.

Mahitaji ya maendeleo nayo ni mengi. Katika Busia ya Uganda wapo wachimbaji wadogo wa dhahabu, ambao baadhi yao hutumia zebaki, sumu ambayo dunia ilikubaliana kuipunguza katika Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013. Tororo inajulikana kwa viwanda vya saruji na kwa fosfeti ya vilima vya Sukulu. Katika Busia ya Kenya mashamba ya miwa na uchimbaji wa mchanga vinaendelea. Shughuli hizi zote ni riziki za watu, wala hapana busara ya kuzilaani kwa jumla. Swali ni nani anaulizwa kabla kibali hakijatolewa.

SHERIA ZASEMAJE?

Katika mkutano wa Rio de Janeiro wa mwaka 1992, mataifa yalitamka katika Kanuni ya 10 kwamba mambo ya mazingira hushughulikiwa vizuri zaidi wananchi wanaohusika wakishirikishwa. Uganda iliandika haki ya kuishi katika mazingira safi katika Kifungu cha 39 cha Katiba ya mwaka 1995. Kenya ilifanya hivyo katika Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka 2010, na katika Kifungu cha 69 ikaitaka Serikali ihimize ushiriki wa wananchi katika kutunza mazingira.

Kanuni za Kenya za mwaka 2003 kuhusu tathmini ya athari kwa mazingira zilimtaka mwenye mradi abandike matangazo mahali panapoonekana, atangaze katika gazeti kwa majuma mawili mfululizo, atangaze katika redio kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji, na afanye mikutano ya hadhara isiyopungua mitatu na watu watakaoguswa. Ripoti ikikamilika, matangazo ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, huwapa wananchi siku 30 za kutoa maoni kwa mdomo au kwa maandishi.

Hapa hapana budi kufanya hesabu. Sheria ya kupata habari ya Uganda ya mwaka 2005 na ile ya Kenya ya mwaka 2016 zote ziliipa ofisi ya umma siku 21 za kumjibu mwombaji. Basi mwananchi wa Busia aliyeomba ripoti siku ile ile ya tangazo, akajibiwa siku ya 21, atabakiwa na siku tisa tu za kusoma kitabu kizima, kuwauliza wenzake, kuandika na kupeleka maoni. Lakini ripoti ikiwa imewekwa wazi katika tovuti ya mamlaka, siku hizo 21 huokolewa zote.

Liko na jambo la pili, nalo ni zito zaidi kwa watu wa mpakani. Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya na Kifungu cha 41 cha Katiba ya Uganda humpa haki ya kupata habari raia wa nchi husika. Mkulima wa Busia ya Uganda si raia wa Kenya; hawezi kuutumia ule wa Kenya kudai ripoti ya mradi ulio ng'ambo, ingawa maji yatakayochafuka ni yale anayonywesha mbuzi wake. Tovuti iliyo wazi haimwulizi msomaji kitambulisho. Kwa jirani wa ng'ambo ya mto, ripoti iliyowekwa kwenye intaneti huenda ikawa ndio mlango pekee uliopo.

MIFANO ILIYOKWISHA KUONEKANA

Afrika Mashariki si mgeni katika mambo haya. Mapema mwaka 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaggzi nchini Kenya, vijana walitengeneza programu iitwayo Ushahidi. Mtu alituma ujumbe mfupi au kuandika katika tovuti, na habari yake ikawekwa juu ya ramani mahali pale ilipotokea. Programu hiyo ilivuka mipaka, na mwaka 2010 ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Nchini Uganda, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto lilianzisha U-Report mwaka 2011, ambapo vijana walijibu maswali kwa ujumbe mfupi bila malipo. Mwaka 2014 Uganda ilifungua pia tovuti ya kuwawezesha wananchi kuomba habari za ofisi za serikali.

Kinachofaa kuigwa hapo ni urahisi. Simu ndogo isiyo na kioo kikubwa iliweza kutumika. Mtu hakulazimika kupanda basi kwenda Nairobi au Kampala, wala kuvaa nguo za kwendea ofisini.

SOMO KUTOKA LAMU

Ni hatari, hata hivyo, kudhani kwamba chombo kipya peke yake huleta haki. Mfano bora unatoka pwani. Mwaka 2016 NEMA ya Kenya ilitoa leseni kwa mradi wa kuzalisha umeme wa megawati 1,050 kwa makaa ya mawe katika Kaunti ya Lamu. Wenyeji, chini ya umoja wa Save Lamu, walikata rufani. Tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Rufani za Mazingira lilifuta leseni hiyo, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Jambo la kutilia maanani ni hili: mikutano ilifanyika Lamu. Kasoro ilikuwa kwamba mikutano hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya kuutambulisha mradi, kabla tathmini yenyewe haijakamilika, na wananchi hawakupewa nafasi ya kutosha ya kuipima ripoti ikiwa na hoja zake zote. Basi ikiwa mkutano usio na habari haukuhesabiwa kuwa ushirikishwaji, na habari isiyosomeka haiwezi kuhesabiwa. Ripoti ya mamia ya kurasa, iliyoandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu na kuwekwa katika tovuti, ni sawa na tangazo lililobandikwa juu ya mti mrefu. Lipo, lakini nani atalisoma?

VIZUIZI NYUMBANI

Katika nyumba nyingi za vijijini simu yenye intaneti, kama ipo, huwa ya baba au ya kijana wa kiume. Lakini anayejua kwamba kisima kimebadilika ladha ni mama, kwa sababu ndiye anayechota. Ikiwa maoni yatapokelewa kwa intaneti tu, basi ofisi itasikia zaidi kutoka kwa wenye simu kuliko kutoka kwa wenye ndoo.

Gharama nazo huzuia. Kuanzia Julai 2018 Uganda ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii. Mwaka 2021 kodi hiyo ikaondolewa na badala yake ikawekwa kodi ya asilimia 12 juu ya vifurushi vya intaneti. Januari 2021 intaneti ilifungwa nchini humo wakati wa uchaguzi mkuu. Njia inayoweza kufungwa haifai kuwa njia ya pekee.

Tena kuna kikwazo kidogo kinachopoteza siku za mwananchi. Mamlaka za mazingira za nchi zote mbili hujulikana kwa herufi zile zile, NEMA. Anayetafuta katika simu huweza kupeleka maoni yake kwa mamlaka ya nchi isiyohusika. Dawa yake ni kutazama mwisho wa anwani: ya serikali ya Kenya huishia na herufi ke, na ya Uganda huishia na ug.

YANAYOFAA KUFANYWA

Mamlaka zinaweza kufanya mambo matatu yasiyo na gharama kubwa. La kwanza ni kutoa muhtasari wa kurasa chache kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji, kama vile Kiteso, Kisamia na Kijapadhola, na kuusoma katika redio. La pili ni kutangaza mradi wa mtoni pande zote mbili za mpaka, kwa kuwa Kenya na Uganda zilitia sahihi Itifaki ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu mazingira na maliasili mwaka 2006. La tatu ni kutoa majibu hadharani: maoni gani yalipokelewa, yapi yalikubaliwa, yapi yalikataliwa na kwa sababu gani. Mtu aliyeandika mara moja asijibiwe hataandika mara ya pili.

Kwa upande wao wananchi, hasa vikundi vya kina mama, wanaweza kufuata utaratibu huu:

1. Kikundi kichague mtu mmoja mwenye simu ya kufaa, awe anatafuta matangazo kila juma na kuwasomea wenzake mkutanoni.

2. Tarehe ya tangazo iandikwe daftarini, na siku za mwisho za kutoa maoni zihesabiwe.

3. Mahali panapohusika papigwe picha, na kila picha iandikiwe tarehe, jina la mahali na jinsi maji yanavyotumika hapo. Watu wasipigwe picha bila ridhaa yao.

4. Maoni yawe mafupi: kikundi ni cha nani, kinatumia mto kwa kazi gani, mradi utakigusa vipi, na kinaomba nini. Yaandikwe yaliyoonwa, si uvumi.

5. Maoni yapelekwe kwa njia mbili, kwa barua pepe na kwa karatasi katika ofisi iliyo karibu, na nakala yenye muhuri ihifadhiwe. Nakala hiyo ndiyo itakayosimama kama shauri litafika mbele.

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Katika bonde la Mto Sio wengi hao wamo katika nchi mbili, na kwa mara ya kwanza wanaweza kusoma karatasi moja kwa siku moja. Inabaki karatasi hiyo iandikwe kwa lugha wanayoielewa, na atakayeipokea sauti yao aijibu. Mafunjo yaliyong'olewa na shina lake hayarudi kwa ujumbe wa simu. Wakati wa kusema ni kabla kibali hakijatiwa sahihi.