Dumu la Maji na Kiti cha Ikulu

"Mwanamke kashika nchi, mama, mbona dumu bado liko kichwani?" Aliniuliza hivyo mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), huku akimega andazi. Nauza chai hapa Tunguu, Unguja, na Ikulu Ndogo haiko mbali, basi siasa haikauki mezani kwangu.

Suali lake ni la haki. Samia Suluhu Hassan ni mzaliwa wa Makunduchi, mkoa wetu huu huu wa Kusini. Mwaka 2000 aliingia Baraza la Wawakilishi la Zanzibar kwa viti maalumu vya wanawake. 2010 watu wa Makunduchi wakampeleka Bungeni kwa kura zao. Machi 2021, Rais John Magufuli alipofariki, Samia, aliyekuwa makamu wake, akaapishwa kuwa Rais. Wanaovibeza viti maalumu wakumbuke mlango alioingilia. Novemba ya mwaka huo Tanzania Bara ikawaruhusu wasichana waliojifungua warudi skuli. Zanzibar ilikuwa imeshatangulia.

Ila uanamke peke yake si sera. Karne ya 17 Unguja ilikuwa na malkia: Mwana Mwema aliungana na Waomani dhidi ya Wareno, na baada yake Fatuma akawapelekea chakula Wareno waliozingirwa Mombasa. Ngome yao ilipoanguka 1698, naye akaishia uhamishoni Oman. Kila mmoja alipiga hesabu zake, kama sultani yeyote. Na baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025, Samia alipotangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98 ya kura, intaneti imezimwa na watu wameuawa kwenye maandamano Bara, niliona kuwa kiongozi, mke au mume, anahitaji watu wanaoweza kumwambia hapana.

Dumu nalo? Jibu lake naliona India. Tangu 1993, angalau theluthi ya uongozi wa mabaraza ya vijiji imetengewa wanawake, na vijiji vyenyewe hupatikana kwa zamu. Watafiti walipolinganisha vijiji vya West Bengal, walikuta vinavyoongozwa na wanawake vimetumia zaidi kwenye maji ya kunywa. Haishangazi: wanaochota ndio waliokuwa wakilalamika, na sasa aliyekaa kitini anaijua foleni yao.

Kwetu Zanzibar kiti cha aina hiyo ni cha sheha, kiongozi wa mtaa au kijiji, naye huteuliwa na Mkuu wa Mkoa. Rais nampigia kura kila baada ya miaka mitano. Sheha, anayejua bomba lipi limekauka, sijaulizwa hata siku moja.