Sailensa ya Motokaa na Pikipiki: Namna ya Kuirekebisha Nyumbani

Motokaa na pikipiki zimekuwa nyingi sana katika wilaya zetu za Bukoba na Muleba. Ndizi, kahawa, wanafunzi na wagonjwa husafirishwa kwa vyombo hivi kila siku. Hata hivyo wengi wenye vyombo nyumbani hawajui kwa nini injini huzimika wanaposimama, au kwa nini hunguruma kwa nguvu hali hakuna aliyekanyaga mafuta. Kwa hiyo nimeona yafaa niwaeleze wanafunzi wenzangu, pamoja na wazazi watakaosoma gazeti hili, habari za sailensa. Mambo haya nimejifunza wakati wa likizo kwa kumsaidia baba yangu mdogo, ambaye ana Toyota Noah ya abiria kati ya Muleba na Bukoba, na kaka yangu, ambaye ni dereva wa bodaboda. Nitasema juu ya injini za petroli tu, maana za dizeli zina taratibu nyingine.

Mafundi wetu huita sailensa ule mwendo wa injini inapozunguka yenyewe bila kuongezewa mafuta. Motokaa ndogo iliyokwisha pata moto huzunguka kati ya mara 600 na 800 kwa dakika. Pikipiki nyingi za bodaboda kati ya 1,200 na 1,500. Ili izunguke hivyo, injini yataka vitu vitatu: hewa, petroli na cheche ya plagi. Gramu 1 ya petroli yahitaji karibu gramu 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Anayepima hewa hiyo ni throto, yaani kizuizi kilicho katika njia ya hewa, ambacho hufunguka tunapokanyaga au kuzungusha mafuta. Tukiachia, hujifunga, lakini hubaki upenyo mdogo sana. Upenyo huo ndio unaoilisha injini wakati wa sailensa.

Sailensa mbaya si jambo la kelele tu. Ikiwa juu mno, petroli yapotea bure, na motokaa yenye gia za kujibadilisha husukuma mbele dereva anapoachia breki. Ikiwa chini mno, injini huzimika. Fikirini mteremko wa kutoka Kamachumu kwenda Muhutwe, motokaa imejaa watu. Breki za motokaa husaidiwa na nguvu ya injini. Injini ikizimika, msaada uliobaki hutosha kukanyaga mara moja au mbili tu, kisha pedeli huwa ngumu kama jiwe, na usukani nao huwa mzito. Kwa hiyo anayetengeneza sailensa atengeneza usalama wa abiria.

Kabla ya kuanza kazi yoyote, toeni chombo nje. Huku kwetu mvua hainyeshi kidogo, na mtu hushawishika kufanyia kazi ndani ya banda lililofungwa. Msifanye hivyo kamwe. Moshi wa injini una kaboni monoksidi, sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Tena msivae nguo zinazoning'inia karibu na feni na mikanda.

Sasa tuanze na pikipiki yenye kabureta. Kwanza, safisheni kichujio cha hewa, maana vumbi jekundu la barabara zetu hukijaza upesi, kisha tazameni plagi. Pili, angalieni kebo ya mafuta: mkono wa mafuta uwe na ulegevu wa milimita 2 hadi 6 kabla ya kuvuta. Tatu, simamisheni pikipiki kwa stendi kubwa mahali tambarare, gia ikiwa huru, muiwashe kwa dakika 5 hadi 10 ipate moto, na choki iwe imefungwa. Geuzeni usukani kushoto na kulia. Injini ikipandisha mwendo, kebo imekaza, nayo ilegezwe kwanza. Nne, tafuteni skrubu mbili katika kabureta. Iliyo kubwa zaidi, ambayo mara nyingi huzungushwa kwa mkono, ni ya sailensa. Ndogo ya bisibisi ni ya mchanganyiko wa hewa na petroli. Zungusheni hii ndogo robo kwa robo, mkihesabu ili mweze kuirudisha, mpaka mpate mahali injini inapokwenda kwa kasi na utulivu kuliko pengine. Kisha shusheni mwendo kwa skrubu ya sailensa. Mwisho pigeni resi kidogo na kuachia: injini irudi chini upesi, wala isizimike.

Hapa somo la Fizikia latusaidia. Uso wa Ziwa Viktoria uko kiasi cha meta 1,134 juu ya bahari, na Kamachumu ni juu zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani. Kwa sababu hiyo kabureta iliyopimwa Dar es Salaam, ikiletwa Bukoba, huipa injini petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, na plagi hushika masizi meusi.

Motokaa za siku hizi ni tofauti. Hazina kabureta, zina kompyuta inayopima hewa na kuamua petroli. Kompyuta hiyo hujifunza. Throto ikishika uchafu mweusi, upenyo hupungua, nayo hufungua zaidi kidogo kidogo ili kufidia. Basi throto ikisafishwa, au waya wa betri ukitolewa, hesabu ya zamani haifai tena au imefutika, na sailensa huyumba. Watu hudhani motokaa imeharibika, kumbe yataka kufundishwa upya.

Namna ya kuifundisha ni hii. Zimeni taa, redio, feni na kiyoyozi. Washeni injini bila kugusa pedeli ya mafuta, muiache dakika 10 au zaidi mpaka sindano ya joto ifike mahali pake pa kawaida. Kisha washeni taa na kiyoyozi, mngoje dakika 5 nyingine. Halafu endesheni polepole, mkisimama mara kwa mara. Nissan nyingi zenye throto ya umeme huanza na jambo jingine: mguu ukiwa mbali na pedeli, fungueni swichi sekunde 2 bila kuwasha injini, fungeni sekunde 10, mrudie tena. Kitabu cha motokaa yenyewe ndicho mwalimu mkuu, ingawa vitabu vya motokaa nyingi zilizotoka Japani vimeandikwa Kijapani.

Jambo moja nasisitiza. Katika motokaa hizi kuna skrubu ndogo inayozuia throto isifunge kabisa. Imewekwa kiwandani, wala haifai kuguswa. Mwaka jana Noah ya baba mdogo ilikuwa ikizimika, na fundi mmoja aliizungusha skrubu hiyo bila kufungua kitu kingine. Injini ilinguruma vizuri siku tatu. Kisha petroli ikawa yaisha upesi, na motokaa ikataka kukimbia yenyewe kwenye foleni. Ugonjwa wenyewe ulikuwa uchafu katika throto. Ilisafishwa kwa dawa ya kabureta na kitambaa laini, skrubu ikarudishwa kwenye alama yake, nayo imetulia mpaka leo.

Basi, ndugu zangu, skrubu isiwe dawa ya kuficha ugonjwa. Tazameni kwanza kichujio, plagi, kebo, na mipira ya hewa iliyopasuka. Skrubu iwe ya mwisho. Mambo haya yakiwa mazima na injini bado yazimika, hapo mpelekeni fundi chombo chenu, mkamweleze yote mliyokwisha yatazama. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa injini ni ghali.